Wenye Deni kwa Maskini: Somo juu ya Hotuba ya Wichern huko Wittenberg

(Kabla ya somo yasomwe Matendo ya Mitume 6:1-7 na Yakobo 2:14-17.)

Somo letu la mwezi huu lahusu hotuba iliyonenwa katika kanisa la ngome la Wittenberg, siku ya 22 Septemba 1848. Kanisa hilo wasomaji walijua, kwa kuwa ndilo lenye sifa ya mwaka 1517, na ndani yake amezikwa Martin Luther. Lakini aliyesimama kunena siku ile hakuwa askofu wala profesa, wala hakuwa amewekewa mikono kuwa mchungaji. Alikuwa mlezi wa watoto waliotupwa, jina lake Johann Hinrich Wichern, mtu wa Hamburg, umri wake miaka 40. Alinena zaidi ya saa nzima pasipo hotuba iliyoandikwa, na mamia ya wachungaji na wakuu waliokusanyika pale walimsikiliza.

Twaileta habari hii mbele ya ndugu zetu kwa sababu swali lililomo ndani yake halijaisha. Maskini ni mzigo wa nani? Wa jamaa yake, wa usharika, au wa serikali? Walimu wa dini huulizwa neno hili kila isomwapo sura ya 6 ya Matendo, na mara nyingi jibu hutolewa upesi mno. Wichern alikuwa na jibu lake. Nusu yake twalipokea kwa shukrani, na nusu yake yatupasa kulipima.

Tumjue kwanza mtu mwenyewe. Baba yake alikufa mwaka 1823, naye akiwa kijana wa miaka 15, mzaliwa wa kwanza wa watoto saba. Ikambidi kufundisha watoto wa wengine apate kuwalisha mama na ndugu zake. Baadaye marafiki walimsaidia kwenda kusoma elimu ya dini huko Göttingen na Berlin. Aliporudi Hamburg alifundisha shule ya Jumapili katika mtaa wa St. Georg, na pamoja na wenzake alikwenda kuwatembelea wazazi wa watoto hao nyumbani mwao. Hamburg ulikuwa mji wa bandari, wenye mali nyingi. Lakini nyuma ya majumba ya wafanya biashara palikuwa na vichochoro ambamo jamaa nzima ililala katika chumba kimoja chenye unyevu. Wichern aliandika habari za jamaa alizozikuta, nyumba kwa nyumba. Twapenda walimu walione jambo hili: kabla hajafungua mdomo kuhutubu juu ya maskini, aliwajua kwa majina.

Mwaka 1833 mkuu mmoja wa mji, Karl Sieveking, alimpa nyumba kuukuu ya kuezekwa kwa nyasi, pamoja na shamba lake, katika kijiji cha Horn nje ya mji. Jina la nyumba lilikuwa Rauhes Haus, nalo lilikuwako kabla Wichern hajafika. Akahamia humo pamoja na mama yake na dada yake, na kabla ya mwaka kwisha walikuwa na wavulana 12, wengine wezi, wengine waombaji wa njiani. Hakujenga ukuta, wala hakutia makomeo. Mtoto alipoingia aliambiwa kwamba yaliyopita yamesamehewa, wala hakuna atakayemkumbusha. Watoto hawakulala katika bweni moja kubwa kama askari. Waligawanywa katika jamaa za watoto kumi au kumi na wawili, kila jamaa na nyumba yake na ndugu mmoja wa kuwaangalia. Walifundishwa kulima, kushona viatu, useremala, na baadaye kupiga chapa. Hata taji la mishumaa la siku za Majilio, ambalo sharika nyingi hulitumia bila kujua asili yake, lilitoka nyumbani mle: mwaka 1839 Wichern alitundika gurudumu la gari na kulitia mishumaa, mmoja kwa kila siku, ili watoto waone Kristmasi ikikaribia.

Wale ndugu walioangalia watoto walikuwa vijana mafundi na wakulima. Wichern aliwafundisha kazi ya ulezi, kisha wakatumwa mahali pengi. Hivyo Kanisa la Kiinjili likapata tena watu wa kazi ile iliyoandikwa katika Matendo 6, yaani mashemasi. Wakati huohuo, tangu 1836, mchungaji Theodor Fliedner alikuwa akiwafundisha masista huko Kaiserswerth. Kazi hizi zote ndogo ndogo zilikuwa za vyama vya watu wenye moyo. Kanisa lenyewe, kwa vikao vyake na wakuu wake, lilizitazama kwa mbali kama mtu atazamavyo shamba la jirani.

Ndipo ulipokuja mwaka 1848. Mwezi wa Februari kitabu kidogo cha Wakomunisti kilipigwa chapa mjini London. Mwezi wa Machi watu wa Berlin walijenga maboma njiani wakapigana na askari wa mfalme. Lakini kabla ya mapigano hayo palikuwa na jambo lingine ambalo wengi husahau kulitaja. Katika Silesia ya Juu, upande wa mashariki wa nchi ya Prussia, njaa ilifuatwa na homa ya chawa, na watu wakafa kwa maelfu. Yatima walibaki katika vibanda baridi pamoja na maiti. Wichern aliwachukua baadhi ya ndugu wa Rauhes Haus akaenda nao hata Pless, wakawakusanya yatima na kuwatunza. Wengi wa watu wa nchi ile walikuwa Wakatoliki, na lugha yao Kipoland, yeye hakuuliza.

Mwezi huohuo wa Februari serikali ya Prussia ilimtuma huko daktari kijana wa miaka 26, Rudolf Virchow, aiangalie homa hiyo. Aliporudi aliandika taarifa ambayo serikali haikuitazamia. Alisema kwamba dawa na magunia ya chakula havitatosha. Watu wale waliugua kwa sababu walinyimwa elimu, uhuru na riziki, na wenye mashamba makubwa walikuwa wamewanyonya. Alitaka watawaliwe kwa kura zao wenyewe, na walimu wawafundishe kwa Kipoland, kwa kuwa shule ya Kijerumani iliwaacha katika giza. Wasomaji wetu hawahitaji kuelezwa maana ya shauri hilo la lugha.

Basi watu wawili walikwenda katika nchi moja, majira yaleyale, wakaona maiti zilezile. Mmoja alirudi na yatima mikononi, na mwingine alirudi na mashitaka. Hatuoni sababu ya kumchagua mmoja na kumtupa mwenziwe. Hata hivyo ni kweli kwamba kwa miaka mingi wafuasi wa huyu na wafuasi wa yule hawakusikilizana, na hasara yake waliipata maskini.

Mkutano wa Wittenberg haukuitwa kwa ajili ya maskini. Waliokutana walitaka kuyaunganisha makanisa ya Kiinjili ya Ujerumani kwa mapatano, maana waliogopa kwamba viti vya wafalme vikianguka, makanisa yaliyoegemea viti hivyo yataanguka pamoja navyo. Siku nne tu kabla ya hotuba palitokea ghasia mjini Frankfurt, na wajumbe wawili wa baraza la nchi waliuawa na watu wenye hasira. Kwa hiyo mioyo ilikuwa na hofu. Ni ajabu kwamba yale mapatano ya makanisa, yaliyojadiliwa kwa juhudi nyingi, hayakufika popote wakati ule. Lakini neno la mtu aliyeombewa nafasi pembeni likabaki.

Alinena nini? Kwanza alieleza hali: mafundi vijana wakitanga-tanga kutoka nchi hata nchi pasipo mchungaji, wafungwa watokao gerezani bila mtu wa kuwapokea, watoto waliobatizwa na kisha kuachwa, maelfu ya watu wa miji mikubwa ambao jina lao limo katika daftari la kanisa na miguu yao haijaingia kanisani. Hawa, alisema, ni watu wa nyumbani mwetu. Tunatuma wamisionari mbali, na ni vema. Lakini misioni nyingine iko mlangoni. Kazi hii aliiita misioni ya ndani.

Kisha akafika penye kiini cha hotuba. Alitaka Kanisa zima likiri kwamba kazi hiyo ni yake, wala si ya vyama vya wapendao tu. Kanisa liitie muhuri wake, liseme kwamba upendo ni mali yake sawasawa na imani. Wajerumani walipenda kujisifu kwa lile fundisho la kuhesabiwa haki kwa imani. Wichern hakulipunguza hata kidogo. Alisema tu kwamba Kristo anayehubiriwa kwa neno ataka kuhubiriwa pia kwa tendo, na ya kuwa ukuhani wa waumini wote, walioutaja tangu siku za Luther, ulikuwa haujaonekana bado katika maisha ya sharika. Fundi viatu ana ukuhani, na mama wa nyumbani vilevile. Kazi yao ni kumtafuta aliyepotea katika mtaa wao, wala wasimngoje mchungaji.

Nusu hii ya jibu lake twaipokea. Maana desturi ya kufikiri kwamba sadaka kwa maskini ni wema wa ziada, ambao mtu akipenda atatoa na asipopenda hana hatia, imo kwetu pia. Wichern aliiondoa katika orodha ya wema akaitia katika orodha ya madeni.

Sasa nusu ya pili. Katika mambo ya nchi Wichern alikuwa mmoja wa watu washikao ya kale, ambao leo huitwa wahafidhina. Aliamini kwamba jamaa, dola na Kanisa ni taratibu tatu zilizowekwa na Mungu. Kwamba mfalme amekabidhiwa upanga wake, na anayeinua mkono juu ya mfalme atenda dhambi. Kwamba mali ni halali, ila mwenye mali ni wakili tu. Aliamini pia kwamba shina la umaskini mwingi ni kumwacha Mungu: ndoa zimevunjika, Jumapili imedharauliwa, ulevi umeingia, ndipo njaa ikafuata. Kwa hiyo dawa ilikuwa kuurudisha moyo kwanza. Maasi ya 1848 kwake yalikuwa tunda la kutoamini, naye alikiri kwamba Kanisa lina sehemu yake katika hatia hiyo kwa kuwa liliwaacha watu.

Katika maneno haya mna kweli ambayo wengi wa siku zetu huona haya kuitaja. Aliyekaa na mlevi ajua kwamba fedha peke yake haimponyi. Msaada usiojua jina la mtu huweza kumwondolea heshima, na jamaa ikivunjika hakuna ofisi iwezayo kuwa baba. Lakini tuitazame Prussia yenyewe. Mwaka 1839, yaani miaka tisa kabla ya hotuba, ilitolewa amri kwamba watoto wa chini ya miaka tisa wasifanye kazi viwandani, na walio chini ya miaka 16 wasizidishe saa kumi kwa siku. Kama amri ilihitajika, basi watoto wa miaka minane walikuwa kazini, tena zaidi ya saa kumi. Je, mtoto yule alikuwa ameiacha imani? Mgeni mwenye upendo angeweza kumtembelea jioni, kumpa uji na kumfundisha sala. Hakuweza kulisimamisha gurudumu la kiwanda. Kwa hilo ilihitajika sheria, na mtu wa kuhakikisha kwamba inashikwa. Na ile ya 1839 kwa muda mrefu haikupata watu wa kutosha wa kuisimamia. Twaona kwamba Wichern, aliyeyajua maradhi ya moyo vizuri sana, hakuyajua vya kutosha maradhi ya ujira.

Tusimwonee, lakini. Mwaka 1849, katika kitabu alichoandikia taifa la Wajerumani kuieleza misioni ya ndani, alisema pia kwamba wahitaji wenyewe waungane katika vyama vyao vya Kikristo ili wasaidiane katika haja zao. Shauri hili ndilo lililosikiwa kidogo kuliko yote. Wenye mali walipenda kutoa. Hawakupenda wapewao wakae kikao chao wenyewe. Na wafanya kazi, walipoanza kuunda vyama vyao, waliviunda nje ya Kanisa, mara nyingi kinyume chake.

Ndani ya Kanisa pia walikuwako waliotia shaka. Wilhelm Löhe wa Neuendettelsau, Mlutheri mshika maungamo, aliogopa kwamba kazi ya upendo itakuwa ya chama kikubwa kinachochanganya maungamo yote, na kwamba usharika wenye meza ya Bwana utasahauliwa. Hakukataa kazi yenyewe. Mwaka 1854 alianza nyumba ya masista, iliyokuwa na uhusiano wa karibu na usharika wake. Kwetu sisi tulio Walutheri onyo lake lina uzito.

Kuegemea serikali nako kulileta matata. Mwaka 1857 Wichern aliingia katika utumishi wa mfalme wa Prussia, akapewa kazi ya kutengeneza magereza. Ndugu wa Rauhes Haus walikuwa walinzi katika gereza la Moabit mjini Berlin, ambamo kila mfungwa alikaa peke yake chumbani ili atafakari na kutubu. Nia ilikuwa njema. Lakini watu walianza kuuliza katika baraza la nchi: huyu ashikaye ufunguo na Biblia pamoja, ni mtumishi wa nani? Mfungwa akisali mbele yake, asali kwa Mungu au kwa mlinzi? Hatujapata kusikia jibu lililotosha.

Wichern alikufa mwaka 1881, baada ya miaka ya ugonjwa. Mwaka 1883 ilitoka sheria ya bima ya ugonjwa kwa wafanya kazi wa Ujerumani, 1884 ile ya ajali, na 1889 ile ya uzee na udhaifu, iliyotoa malipo kwa mtu afikapo miaka 70, umri ambao wafanya kazi wachache waliufikia. Aliyezileta alikuwa Bismarck, mshika ya kale kuliko wote, ambaye tangu 1878 alikuwa amevikataza vyama vya Wasoshalisti. Mkono mmoja ulipiga na mwingine ukatoa. Hata hivyo mgonjwa aliyelipwa kwa sheria hakuwa na haja ya kuinama mbele ya mtu yeyote, na jambo hilo si dogo.

Yaliyofuata katika karne ya 20 yalionyesha hatari ambayo Wichern hakuiwaza. Mwaka 1933 wengi wa viongozi wa misioni ya ndani waliipokea serikali ya Hitler kwa furaha, wakidhani ni ulinzi wa mambo ya kale. Mwaka huohuo ilitoka sheria ya kuwahasi watu waliohesabiwa kuwa na maradhi ya urithi, nayo ilitimizwa hata katika hospitali za Kikristo, Bethel ikiwa mojawapo. Kisha serikali ikaleta karatasi za kuandikia habari za wagonjwa. Mwaka 1940 mchungaji Paul Gerhard Braune wa Lobetal aligundua kwamba waandikwao huchukuliwa kwenda kuuawa. Akaandika mashitaka akayapeleka kwa wakuu, naye akafungwa tangu Agosti hadi Oktoba. Huko Bethel, Fritz von Bodelschwingh alikataa kuzijaza karatasi zile. Katika mpango huo waliuawa watu zaidi ya 70,000 hata Agosti 1941. Nyumba za upendo zilizozoea kuitii dola katika yote zilichelewa mno kuuliza.

Huyo Bodelschwingh alikuwa mwana wa yule Friedrich von Bodelschwingh ambaye jina lake lajulikana Usambara. Mzee huyo aliondokewa na watoto wake wanne katika muda wa siku chache, Januari 1869, kwa kifaduro. Tangu 1872 aliwaangalia wenye kifafa huko Bethel, na mwaka 1882 alifungua kijiji cha Wilhelmsdorf, ambapo mtu asiye na kazi alipata kitanda na chakula kwa kazi ya mikono yake. Baadaye, alipokuwa mjumbe katika baraza la Prussia, aliomba sheria kwa ajili ya hao watu wa njiani, nayo ikatoka mwaka 1907. Hapo mfuasi wa Wichern alitambua kwamba kijiji kimoja cha huruma hakitoshi, akabisha katika mlango wa sheria.

Misioni aliyoisaidia ilifika Usambara mwaka 1891, ikaleta pamoja na wahubiri mashemasi na masista. Huko Lutindi, milimani, palikuwa kwanza makao ya watoto waliotolewa utumwani. Tangu miaka ya mwanzo ya karne ya 20 pamekuwa mahali pa kuwatunza wagonjwa wa akili, na hata leo hospitali hiyo iko chini ya Kanisa letu katika Dayosisi ya Kaskazini Mashariki.

Mwalimu atakayelitumia somo hili na aanze na Lutindi kabla ya Wittenberg, maana ni karibu zaidi. Kisha arudi katika sura ya 6 ya Matendo. Darasa likisoma polepole litaona kwamba wajane waliosahauliwa walikuwa wa Wayahudi wa Kiyunani, watu wa lugha nyingine, na kwamba mitume hawakuligundua kosa wao wenyewe, walinung'unikiwa. Tena wale saba waliochaguliwa wote wana majina ya Kiyunani. Wazee wa kanisa waulizwe: katika ugawaji wetu, manung'uniko ya namna ile yangepita njia gani hata yatufikie?